Moshi wa Jiko la Tuda

"Tuda, ukifa leo, watu watasema jiko gani limezimika?"

Swali hilo aliliuliza Ijja, jirani wa ukuta kwa ukuta, miaka mingi nyuma, wanawake wakiwa wamekaa juani wanachambua dengu. Aliuliza kwa mzaha tu. Tuda ndiyo kwanza alikuwa ametoka eda ya mumewe, Mungu amrehemu, na wenzake walikuwa wanatafuta cha kumchekesha. Wakacheka, naye akacheka. Hniya alikuwepo, wakati huo msichana wa shule mwenye magoti ya vumbi, akacheka kwa kuwa wakubwa wamecheka.

Swali lile lilimrudia Hniya asubuhi ya siku ya wageni, akiteremka kwenda ofisini na mkoba wake begani. Chini ya kona ya mlozi alimwona Tuda anapanda kutoka mtoni, ameinama, dumu la njano limefungwa kwa kamba mgongoni, maji yanamvujia nyuma ya kanzu. Zamani wanawake wote wa Tamalut walichota kwenye chemchemi iliyo juu ya msikiti, mahali ambapo mtoto angeweza kutumwa na kurudi kabla mkate haujaungua. Mradi ulipokuja, chemchemi ilijengewa kijumba cha saruji, ikatiwa kufuli, na maji yake yote yakaingizwa kwenye mabomba. Kilichobaki nje ni kidimbwi cha tope wanachokigombea nyuki. Wenye bomba uani hawakuona tofauti, ila ya raha. Asiye na bomba alibakiwa na mto.

"Umeamkaje, Shangazi?"

"Namshukuru Mola. Ila miguu inaomba kustaafu, na mimi sijairuhusu." Tuda alisimama, akaegemeza dumu kwenye jiwe bila kulifungua. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho makavu, mtu wa kutazama kwanza ndipo aseme. "Eti Zayd fundi atakuja kwangu lini?"

"Inshallah, Shangazi."

"Inshallah ya Mungu naijua, hiyo haina wasiwasi. Mimi naulizia inshallah ya ofisi."

Hniya akaangalia viatu vyake. Tuda hakumshikilia. Alikaza kamba, akasema Bismillahi, akaendelea kupanda.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya kinu cha unga, na kinu kikiwaka sakafu nzima ilitetemeka hata chai ikacheza kwenye bilauri. Ukutani kulikuwa na ubao mweupe, na juu yake, kwa mwandiko wa Hniya mwenyewe, limeandikwa lengo: *Kila jiko la Tamalut liwe na bomba lake kabla ya mavuno ya shayiri.* Chini yake: *Majiko 38.* Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, namba iliyobadilishwa kila wiki mpaka ubao ukapata doa: *Yaliyokamilika 38.*

Mwanzo lengo halikuwa hivyo. Mhandisi Sellami, mkuu wa mradi, mtu wa mjini aliyekuja na mabegi mawili na kikohozi, aliandika kwanza kwamba mradi utaboresha upatikanaji wa maji. Wafadhili walilirudisha andiko lake. Kuboresha ndiyo kiasi gani? Kwa nani? Mpaka lini? Wakapelekwa wote semina kwenye mji wa jimbo, na mkufunzi aliyevaa tai akawafundisha kwamba timu isiyo na namba ni kama msafara usio na kibla: kila mtu anatembea, hakuna anayefika. Lengo lisilohesabika, alisema, ni dua tu. Watu wakacheka. Hniya naye akacheka, ingawa kwao dua si kitu cha kuchekwa.

Waliporudi walihitaji namba. Wakamwendea Mzee Haddou, mkuu wa baraza la kijiji, kumuuliza Tamalut ina nyumba ngapi. Mzee akajikuna shingo. Huku juu milimani hakuna mzee anayependa kutaja hesabu ya watu wake. Babu zetu walihesabiwa kwa ajili ya kodi na kwa ajili ya vita, na hesabu haijawahi kumletea mtu heri. Akasema kwa utani, "Mnataka kujua tuko majiko mangapi? Njooni siku ya karamu ya msikiti, muhesabu masinia." Kwa kuwa kila jiko la Tamalut, yaani kila nyumba yenye moto wake, huleta sinia lake. Ndivyo ilivyo tangu kale, hata maskini huleta, ingawa mikate na siagi.

Basi Hniya alikwenda, akahesabu masinia, yakawa thelathini na nane. Sellami akafurahi mno. Akasema hiyo ndiyo inaitwa njia ya kuhakiki, na wafadhili nao wakaipenda, wakaiweka kama mfano kwa wengine. Na Hniya, aliyezaliwa Tamalut, aliyekula dengu za Tuda tangu hajaota meno, alihesabu masinia yale yote na haikumpitia akilini kwamba Tuda hakuleta. Tuda hakuwa wa kuleta. Alikuwa amesamehewa. Jicho haliulizii kitu ambacho halijawahi kukiona mahali pale.

Alikuja kushtuka wakati mitaro imeshachimbwa, na Zayd anapita na mabomba yake mlango kwa mlango, akaruka mlango mmoja.

Asubuhi hii Zayd alikuwa ofisini kabla yake, anapangusa vumbi kwenye viti kwa kofia yake. "Karibu, mama wa namba," alisema. "Leo tunaolewa."

"Zayd, bomba kuu linapita wapi pale kwa Tuda?"

"Linamkwaruza ukuta. Ukilala kwake usiku unaweza kuyasikia maji yakimpita." Akaacha kupangusa. "Nusu siku tu, wallahi. Koki moja na mita moja. Lakini vitu viliagizwa kwa hesabu, dada. Mimi ukiniandikia lengo la nzi thelathini na nane, nitakukamatia nzi thelathini na nane, wa thelathini na tisa namwacha aende zake. Ndiyo mlivyonifundisha."

Sellami aliingia na karatasi zake, amenyoa, amevaa koti. Alikuwa hajalala vizuri, ilionekana. Hniya hakungoja akae. Alimwambia tena habari ya Tuda, safari hii yote: kwamba kwenye hesabu za kijiji mama huyu anatajwa kula kwenye moto wa shemeji yake Bassou, na bomba la Bassou ndilo linalosemwa kuwa lake, lakini tangu mita ifungwe na bili ya kwanza ije, Bassou ametia kufuli geti la ua. Na chemchemi ndiyo hiyo imefungwa. Kwa hiyo kabla ya mradi Tuda alikuwa na maji karibu, na baada ya mradi hana.

Sellami alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Hata paka wa kinu alimzoea, kwa mabaki aliyompa.

"Uliniambia mwezi ule kwamba kuna mama anataka bomba," alisema. "Kila mtu anataka bomba. Hukuniambia kuwa ni jiko."

"Si jiko. Kwa hesabu ya kijiji si jiko."

"Sasa?" Alifungua mikono. "Kama si jiko, lengo halimhusu. Kama ni jiko, lengo halijafikiwa. Nichagulie moja."

Kinu kikawaka chini, bilauri zikaanza kulia.

Sellami alisogea karibu ili asipige kelele. Alimweleza kama anavyoelezwa mtu wa nyumbani. Mgeni wa leo, Bibi Lamrani kutoka makao makuu, anakuja kufunga awamu. Ikifungwa kuwa imetimia, kijiji cha Aghzim ng'ambo ya bonde kinaanza kuchimba mitaro msimu huu huu. Tayari mzee wao mmoja amealikwa leo kuja kushuhudia. Ikiandikwa pungufu, faili la Aghzim linarudi nyuma ya foleni. Na mikataba yao wenyewe, yake na ya Hniya na ya Zayd, inaisha mwezi huu.

"Sikutishi," alisema. "Nakwambia lilivyo. Aghzim wana majiko zaidi ya sitini na wanakunywa maji ya kubebwa na punda. Unaniuliza habari ya mmoja."

"Tuunganishe wenyewe wageni wakiondoka. Zayd yuko tayari."

"Bomba lisilo na mita ni wizi. Kanuni hiyo tuliiandika sisi, wewe ukaitafsiri, na baraza likaweka kidole." Akakohoa, akajifuta mdomo. "Nenda kwa mkuu wa baraza. Akisema leo, mbele yangu, kwamba yule mama ni jiko, nitaona nifanye nini. Asiposema, soma matokeo kama yalivyoandikwa. Mbona uliyaandika wewe."

Mzee Haddou alikuwa kwenye nyumba ya baraza, anasimamia vijana wanaotandika mazulia na kumwagia uwanja maji ili vumbi lisiwapande wageni. Maji hayo yalitoka kwenye mpira uliounganishwa na bomba la msikiti, yakatiririka mpaka njiani. Hniya aliyaruka.

Alimbusu mzee mkono, akaeleza haja yake. Mzee alimwongoza pembeni, kivulini, wakakaa.

"Wewe ulikuwa mtoto, hukumbuki," alisema. "Mumewe Tuda alipofariki hakuacha mtoto wa kiume. Kila jiko huleta sinia, huleta mtu wa kuchimba mfereji, huleta fungu la shayiri la mwalimu wa Kurani. Yule mama angepata wapi? Tukakaa hapa hapa, tukamwondolea yote. Siku hiyo alilia kwa shukrani, mimi nilimwona. Hiyo ilikuwa rehema, Hniya. Tusije tukaigeuza kuwa dhambi."

"Si dhambi, Baba Mkubwa. Lakini maji yamefuata masinia."

"Maji yapo kwa Bassou. Anakula moto wa Bassou."

"Bassou ametia kufuli."

"Hilo mimi silijui."

Alilijua. Kijiji kizima kililijua, mpaka mbuzi. Lakini kujua jambo kama hilo hadharani ni kumvua mtu nguo. Ni kusema kwamba mtu mzima mwenye ndevu hamlishi mjane wa ndugu yake. Mzee Haddou alikuwa amelinda sitara za watu kwa maisha yake yote, na hiyo ndiyo sababu aliyechaguliwa ni yeye.

"Unataka nisimame mbele ya mgeni kutoka makao makuu nimwaibishe Bassou?"

"Sitaki kumwaibisha mtu. Nataka umwite Tuda jiko. Neno moja tu."

Mzee akasimama, akajikung'uta kanzu. Alimtazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mtoto anayelilia mwezi. "Jiko haliitwi, binti yangu," alisema. "Jiko linaweka sinia." Kisha akawageukia vijana akawaambia zulia jekundu liwe upande wa kibla.

Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa Hniya alipofika kwa Tuda. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na kizizi, mlango mfupi, paa la udongo lenye tundu la moshi. Ukutani, upande wa nje, mtaro ulikuwa umefukiwa upya na udongo wake bado mwekundu. Ndani ya udongo huo maji yalikuwa yanapita kwenda kwa wengine. Kizizini kulikuwa na kuku mmoja, jike, mtagaji, ambaye mayai yake Tuda aliyauza sokoni kila wiki akanunulia mafuta na sukari, na sukari yenyewe sasa hivi inauzwa kama dawa.

Tuda alikuwa anaswali. Hniya alingoja kizingitini. Dumu la njano lilikuwa kando ya mlango, nusu. Maji ya udhu alikuwa ameyakinga kwenye beseni ili ayatumie tena kunyweshea mnanaa.

Alipotoa salamu kulia na kushoto, hakugeuka upesi. Alimaliza tasbihi yake. Hniya akakaa karibu naye akamweleza, akaanzia mbali, akazunguka, mpaka akafika. Kwamba ofisi inafuata hesabu ya majiko. Kwamba hesabu ilitoka kwenye masinia, na aliyehesabu ni yeye Hniya, na hakumkumbuka. Kwamba Mzee Haddou anasema walimsamehe kwa wema. Na neno lake la mwisho.

Tuda hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alikuwa anatazama moto wake, majivu yenye kaa moja hai ndani.

"Haddou amesema hivyo? Jiko linaweka sinia?"

"Amesema hivyo."

"Na mwenye kuweka sinia anachimba mfereji."

"Ndiyo, Shangazi. Na shayiri ya mwalimu. Mwaka hadi mwaka, hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana walikuondolea."

Tuda akatikisa kichwa polepole. Alilichukua lile kaa kwa koleo, akaliweka juu ya vijiti vikavu, akapuliza mpaka vikashika. Moshi ukapanda, ukatafuta tundu lake.

"Ijja alinicheka siku moja kwa habari ya moshi huu," alisema. "Nadhani ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Mimi nilicheka. Usiku nikalifikiria nikaona si la kucheka." Akapangusa mikono. "Wageni wanakula saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

"Basi nenda. Wewe una kazi, nami nina kazi."

Hniya alikuwa hajafika kona ya mlozi aliposikia kuku akipiga kelele kizizini, kisha akanyamaza.

Alasiri masinia yalianza kuingia. Wanaume waliyabeba mabegani kutoka majumbani, wakayapanga kando ya ukuta mmoja baada ya mwingine, kila mtu akiweka lake bila kusema, maana sinia lenyewe ndilo linalosema. Kuskusi yenye tanipu na maboga, kondoo aliyepikwa na plamu kavu, mikate ya shayiri imefunikwa kwa vitambaa. Wanawake wa kijiji walibaki nyumba ya pili, ya wapishi. Ndani, kati ya wanaume, walikuwa wanawake wawili tu: Bibi Lamrani, mgeni, aliyekuwa mtu wa heshima na miwani, na Hniya, aliyekaa kando yake amtafsirie; kwa kuwa mgeni na Sellami walikuwa watu wa Kiarabu na hawakujua neno la lugha ya mlimani. Mzee wa Aghzim alikaa karibu na mlango, kilemba cheupe kipya, anatabasamu kwa kila mtu.

Sellami alizungumza vizuri. Alieleza jinsi timu ndogo ya watu watatu ilivyoweza kufanya kazi ya watu kumi kwa kuwa kila mmoja alijua namba yake na tarehe yake. Alimsifu Zayd, na Zayd akainama mpaka zuliani watu wakacheka. Alimsifu Hniya kwa wazo la masinia, akanyoosha mkono ukutani, na Bibi Lamrani akageuka kuyatazama, akatabasamu, akaandika kitu.

"Naomba sasa Bibi Hniya atusomee matokeo," alisema Sellami, akakaa.

Hniya alisimama na karatasi yake. Kwenye karatasi kulikuwa na mistari miwili tu na alikuwa ameiandika mwenyewe.

Mlango ukatiwa kivuli.

Tuda aliacha makubazi yake nje akaingia. Alikuwa amejifunga shela yake ya harusi, ile ya mistari, iliyopauka kwenye mikunjo. Kichwani alibeba chano cha mti, cha zamani, kilichopasuka na kushonwa kwa waya, na juu yake mlima mdogo wa kuskusi unatoa moshi, na kuku mzima amelala juu. Wanaume walisogeza magoti kumpisha kwa kuwa hawakujua wafanye nini kingine. Akapita mpaka mwisho wa safu. Akapiga magoti, akakitua, akakisawazisha na masinia mengine kama mtu anayepanga safu ya swala. Kisha akasimama wima.

Mzee Haddou ndiye aliyepata sauti kwanza. Alisema kwa upole, "Tuda, dada yangu, nani amekusumbua? Wewe tulikusamehe."

"Mlinisamehe, na Mungu awalipe," alisema Tuda. "Nimeurudisha msamaha wenu. Huu ni moto wangu, na hilo ni sinia langu. Mfereji ukichimbwa, niiteni. Nina jembe la marehemu."

Bassou, aliyekuwa katikati ya wanaume, alikuwa ameinamisha uso kwenye bilauri yake. Alisema bila kumtazama mtu, "Bomba langu ni lake. Kila mtu anajua."

Tuda hakumwangalia. Hakuna aliyemwangalia Bassou; wote waligundua kwa pamoja kwamba zulia lina maua.

Bibi Lamrani alimgusa Hniya kiwiko. "Huyu mama amesema nini?"

Sellami hakuelewa maneno, lakini alikuwa amekiona chano, na alikuwa mtu wa kuhesabu. Alimtazama Hniya. Macho yake hayakuwa ya kuamuru, yalikuwa yanaomba. Hniya aliona kilemba cheupe cha mzee wa Aghzim pale mlangoni. Angeweza kusema mama analeta zawadi kwa mgeni. Lingekuwa jambo la adabu, mgeni angeweka mkono kifuani, na chakula kingeliwa kikiwa moto. Mle ndani wenye Kiarabu cha kumkosoa walikuwa wachache, nao wasingemkosoa.

"Amesema yeye ni jiko," alisema Hniya. "Ameleta sinia lake. Ni la thelathini na tisa."

"Na bomba lake?"

"Hana. Anachota mtoni. Alikuwa anachota chemchemi, tukaifunga."

Bibi Lamrani alivua miwani. Aliitazama safu ya masinia, akamtazama Sellami, akayageuza makaratasi yake, akapata ukurasa, akauwekea kidole. Hakuwa mkali. Alionekana mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta usio na mlango. "Hapa sina nafasi ya jiko lililoongezeka," alisema. "Nina nafasi mbili tu. Lengo limefikiwa, lengo halikufikiwa." Kalamu ikangoja. "Wewe ndiye uliyehesabu. Limefikiwa?"

Kuskusi ya Tuda ilikuwa bado inatoa moshi mwembamba, unapanda wima kwa kuwa chumbani hamkuwa na upepo. Zayd alikuwa ameacha kutabasamu. Sellami alifumba macho.

"Bado," alisema Hniya.

Kalamu ikaandika. Mzee wa Aghzim, ambaye hakuelewa Kiarabu, alimuuliza jirani yake, na jirani akamnong'oneza. Mzee akatikisa kichwa mara kadhaa, kama aliyeambiwa habari ya msiba wa mbali. Kisha akasema, "Chakula kitapoa. Jamani, Bismillahi." Na kwa kuwa alikuwa mgeni na mkubwa, hakutaka kula cha wengine kabla ya kile kilichomgharimu mtu zaidi, akasogea kwa magoti mpaka mwisho wa safu, akaweka mkono wake kwenye chano cha Tuda.

Hniya alibaki amesimama na karatasi. Alimtafuta Tuda kwa macho, akataka kumwambia kitu, kwamba koki haitakuja leo wala mwezi huu, kwamba labda haitakuja kabisa, na mfereji utamngoja kila masika. Midomo ikamfunguka.

Tuda alimtazama, kwa utulivu wake ule ule. Alikuwa amekwisha kulijua hilo tangu alipoliweka lile kaa juu ya vijiti. Akajitanda shela vizuri, akavaa makubazi mlangoni. Pembeni mwa kizingiti, mahali alipoliegemeza alipokuwa anaingia, lilikuwapo dumu lake la njano, tupu. Maji yote aliyokuwa nayo yalikuwa yameishia kwenye kile chakula. Akalitupa mgongoni, akalivuta kamba, akatoka kuelekea mtoni.